Dobi aliyekataa kamera mpya

Saa tatu asubuhi jua linavuka ukuta wa jirani na kuangukia kamba. Mashuka ya nyumba ya wageni yameshaanikwa, safu nne, meupe, mengine bado yanachuruzika. Kati ya safu ya pili na ya tatu ameketi muuza viatu vya mitumba juu ya ndoo iliyopinduliwa. Shati lake limefungwa mpaka kifungo cha juu, mikono iko juu ya magoti, kama mtu anayesubiri zamu ya kunyolewa.

Mwanamke aliye mbele yake hamwangalii yeye. Anaangalia mashuka. Analisogeza moja kushoto, analipandisha jingine kidogo na kulibana upya, kisha anarudi nyuma na kumtazama mteja usoni, kimya, mpaka mteja anaanza kuona haya.

"Nicheke?" anauliza muuza viatu.

"Ukitaka. Ila usinichekee mimi. Cheka kama umeuza."

Kwenye kola ya gauni lake vimening'inia vibanio vya nguo, vimepangana kama meno. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Vibanio, na ukimuulizia kwa jina la kuzaliwa utazungushwa mpaka jioni.

Anatoa kamera mfukoni. Mlango wa betri umefungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Kioo cha nyuma, kile ambacho wengine hukikodolea macho mara tu wakishapiga picha, ni cheusi tii. Kilikufa zamani. Anaweka jicho kwenye kitundu cha kuchungulia, anangoja, anabonyeza mara mbili, anaishusha kamera.

Muuza viatu ameshainuka. "Hebu nione."

"Uone nini na kioo kimekufa? Njoo Ijumaa."

"Na nikitoka vibaya?"

"Utatoka kama ulivyo. Hilo mlaumu mama yako."

Muuza viatu anaangua kicheko, na safari hii ni kicheko chake mwenyewe. Vibanio alikuwa anakingoja hicho. Anabonyeza mara ya tatu.

Vibanio, mwenye umri wa miaka 34, ni dobi. Kazi inayomlisha ni kufua, kusuuza, kuanika na kupiga pasi, mashuka sitini kwa siku ya kawaida, na foronya na taulo zisizohesabika. Picha anapiga kwa mapenzi tu. Anachopokea kwa mtu ni gharama ya kusafishia picha dukani, na mtu akisahau kulipa, amesahau.

Kufua alifundishwa na shangazi yake, anayeishi naye na kufanya naye kazi. Kupiga picha alifundishwa na mjomba wake, aliyekuwa na studio ya picha za vitambulisho. Simu zilipoanza kupiga picha, studio ikafa. Mjomba akafungasha pazia lake na taa zake, akaviuza vyote isipokuwa kamera moja ambayo hakuna aliyeitaka hata kwa bei ya kutupa.

"Alinipa kama mtu anavyogawa kuku mgonjwa," anasema Vibanio. "Akikufia shauri yako. Basi kuku mwenyewe hajafa mpaka leo."

Mwanzoni, anasema, alikuwa anapiga ndani ya nyumba na picha zinatoka matope matupu. Alikaribia kukata tamaa. Halafu siku moja ya kufua alimpiga shangazi akiwa anaanua, amesimama katikati ya safu mbili za mashuka. Picha iliposafishwa, hakuamini. Mikunjo yote ya uso wa shangazi ilikuwepo, lakini ilikuwa laini, na ndani ya kila jicho kulikuwa na nukta ndogo ya mwanga.

"Nilidhani kamera imepona. Nikarudi nayo ndani, matope tena. Ndipo nikajua si kamera, ni mashuka."

Jua likilipiga shuka jeupe, anaeleza, shuka linautawanya mwanga na kuumwaga usoni polepole, pande zote mbili. Likiwa linachuruzika bado ni zito na halichezi. Likikauka linaanza kupepea, na mwanga unacheza nalo, basi hapo anaacha. Kazi yake ya picha inafanyika katikati, tangu maji yanapokoma kudondoka mpaka upepo unapolichukua shuka. Anajua ni lini kwa kulishika pindo.

Hafichi kasoro za kamera yake. Usiku haioni. Ndani ya nyumba inaona kwa shida. "Na mambo ya mpira wa miguu usiniite kabisa. Mchezaji anafika golini, anafunga, anashangilia, yangu ndiyo kwanza inafikiria."

Aliyemwingiza kwenye kikundi cha wapiga picha wa ridhaa ni mwenye duka la dawa, ambaye ndiye mwenyekiti wao. Wanakutana Jumamosi mchana nyuma ya duka lake, watu kama ishirini: kuna dereva, kuna mwalimu wa chekechea, kuna fundi bomba na mke wake. Kila mmoja analeta picha moja, wanazipitisha mkono kwa mkono.

Vibanio anasema alizipenda sana Jumamosi hizo, mpaka fundi bomba aliponunua kamera mpya. Mwezi uliofuata dereva naye akanunua. Halafu mwalimu akakopa.

"Zamani tulikuwa tunaulizana, huyu ni nani uliyempiga? Sasa tukawa tunaulizana, umempigia nini?"

Mwaka huu kikundi kiliamua kufanya maonyesho kwenye ukumbi wa maktaba, na kila picha ikuzwe iwe na ukubwa wa mlango. Likapitishwa sharti kwamba anayetaka kushiriki awe na kamera inayohimili ukubwa huo. Mtu mmoja tu ndiye hakuwa nayo, na wote walijua ni nani.

Mwenyekiti, mtu mpole mwenye koti jeupe la dukani ambalo halivui hata Jumamosi, anasema hakuwa na nia mbaya. Yeye hupiga ndege na michezo, na kwake kamera ya haraka si anasa. "Nilimwambia ukweli. Dada, uso nikiukuza mpaka ukubwa wa mlango kwa kamera hiyo, unakatika vipande vipande. Watu wataingia ukumbini wadhani tumebandika vigae."

Vibanio alimjibu kwamba atafikiria. Aliporudi kwa shangazi alisema hafikirii chochote.

Kilichomtikisa kilikuja baadaye, kwa njia ya mkunga mstaafu.

Mkunga huyo amezalisha nusu ya watu wa mtaa. Alikuwa anahama kwenda kuishi na binti yake, mbali, na alitaka picha moja tu nzuri ya kuwaachia majirani. Alikuja amevaa gauni lake la kanisani, akaketi juu ya ndoo, akapigwa. Kila kitu kilikwenda sawa. Ijumaa Vibanio alikwenda kuchukua picha dukani, akaifungua bahasha pale pale mlangoni, akairudisha ndani.

Mkunga alikuwa wa bluu. Mashavu ya bluu, midomo ya bluu, hata mvi zake. Msafisha picha alizipitia zile nyingine za wiki hiyo, zote zilikuwa hivyo hivyo. Alitikisa kichwa akasema kamera imeoza ndani na haina tiba.

Mkunga mwenyewe alivaa miwani, akaitazama picha kwa makini kama anatazama mgonjwa. "Binti yangu," alimwambia Vibanio, "watu wa rangi hii nimewaona wengi. Huwa tunawakimbizia oksijeni."

Alicheka, kisha akaona Vibanio hacheki, akamshika mkono. Akamwambia safari yake ni baada ya siku chache, ila asijali, wataonana Mungu akipenda.

Shangazi hakubembeleza. Alisema mtoto huyu ang'ang'anie kidude kilichokwisha mpaka lini, na mkunga mzima anaondoka bila picha kwa sababu ya ubishi. "Kizike, mwanangu. Kizike tufanye kazi."

Na wiki hiyo hiyo akatokea mwenye uwanja.

Uwanja wa kuanikia si wao. Ni kipande cha ardhi kilichobanwa na kuta tatu, pembeni ya nyumba wanayopanga, na kwa miaka yote walikilipia kidogo kidogo kila mwezi. Mwenyewe alikuja kusema amepata mtu anayetaka kufungua sehemu ya kuoshea magari, na mtu huyo analipa mwaka mzima mkononi. Lakini kwa kuwa wao ni wapangaji wa zamani, angewasubiri mpaka mwisho wa mwezi. Wakiwa na kodi ya mwaka, uwanja wao. Wasipokuwa nayo, wang'oe nguzo zao.

Vibanio alikuwa nayo. Alikuwa ameiweka kwa muda mrefu, bila kujua hasa anaiwekea nini. Na kamera ambayo mwenyekiti alimshauri anunue, ile ya bei ya chini kabisa inayokubalika kwenye maonyesho, ilikuwa inagharimu karibu kiasi hicho hicho. Kwa hesabu ya kidobi, ni mashuka elfu tatu.

"Kwa hiyo ni moja," anasema. "Ama kamera, ama uwanja. Hakuna cha kusema nitafanya vyote."

Kwa upande wa kufua wangeweza kuishi bila uwanja. Shangazi alishasema wangeanika kwenye uchochoro wa nyuma kama madobi wengine, nguo zingechelewa lakini zingekauka. Uchochoroni, hata hivyo, jua haliingii. Angekuwa na kamera nzuri na mahali pa giza pa kuitumia. Upande wa pili, angekuwa na mwanga bora mtaani kote na kamera inayogeuza watu maiti.

Alikwenda dukani mara mbili. Mara ya kwanza alisimama nje. Mara ya pili aliingia akaomba kuishika. Anasema ilikuwa nyepesi, ina kioo kinachong'aa, na muuzaji alimwita madamu. Alirudi nyumbani akamwambia shangazi, haya, umeshinda, nakwenda kununua. Ila kabla ya kununua, alimwomba mwenyekiti aje na kamera yake uwanjani, aione inavyofanya kazi katikati ya mashuka.

Mwenyekiti alikuja asubuhi, ameliacha duka kwa mdogo wake. Wakamketisha shangazi juu ya ndoo. Akapiga, akageuza kioo cha kamera amwonyeshe Vibanio tofauti.

Kwenye kioo alikuwemo shangazi, safi, kila unywele unahesabika, na ni wa bluu.

Mwenyekiti alisafisha lenzi. Akapiga tena. Akabonyeza bonyeza, akabadilisha hiki na kile, akapiga mara ya tatu. Bluu ilipungua kidogo ikabaki pale pale. Shangazi akauliza kama anaweza kuinuka, akaambiwa bado.

Mwenyekiti alikwenda kusimama kwenye safu ya pili ili aone mwanga unatokea wapi. Hapo ndipo Vibanio alipoona. Koti la mwenyekiti lilikuwa jeupe kama maziwa. Shuka lililokuwa nyuma yake, ambalo Vibanio mwenyewe alilianika na kuliita jeupe, lilikuwa limeegemea bluu kama anga la asubuhi.

"Shangazi," aliuliza taratibu, "unatia nini kwenye maji ya kusuuzia?"

Ilibidi aulize mara mbili. Kumbe nyumba ya wageni ilikuwa imelalamika kwamba mashuka yanaanza unjano, na kwamba kama hali ni hiyo watatafuta dobi mwingine. Shangazi hakutaka kumtia mtoto wasiwasi. Alinunua bluu ya kufulia, ile poda inayotiwa kwenye maji ili nguo nyeupe zing'ae, akanunua ya kupima, ya bei rahisi. Siku ya kwanza alitia ncha ya kidole. Mashuka yakapendeza. Siku ya pili akaongeza. Mpaka siku hiyo alikuwa amefika kijiko cha chakula kilichojaa, na kwa kuwa rangi ilipanda kidogo kidogo, hakuna jicho lililoshtuka, hata la watu wa nyumba ya wageni, ambao walituma salamu za pongezi.

"Nilidhani weupe hauna mwisho," alisema shangazi kwa heshima zake zote.

Mwenyekiti alicheka mpaka akaomba ndoo naye aketi. "Nimekuja kuizika kamera ya watu," alisema, "kumbe marehemu ni beseni."

Alipomaliza kucheka alisema jambo ambalo Vibanio analikubali mpaka leo. Kama kioo cha kamera ya Vibanio kingekuwa hai, angeiona bluu siku ile ile, mkunga angali ameketi.

"Hapo alisema kweli, sikumbishia," anasema Vibanio. "Lakini na mimi nikamwambia la kwangu. Ningeiona, ningefuta, ningepiga tena, ningefuta tena. Halafu ningekimbia dukani. Ningelipa mashuka elfu tatu kuletewa bluu ile ile, nzuri zaidi."

Mchana huo waliyarudia mashuka yote kwa maji matupu, mara tatu, mikono ikachubuka. Kesho yake mkunga aliitwa akiwa ameshafunga mizigo. Alikuja na gauni la safari, hana muda, anaongea njia nzima. Vibanio alimwacha aongee. Alimpiga pale alipokuwa anamkemea shangazi juu ya ile poda, kidole kimoja hewani.

Picha hiyo sasa iko kwenye nyumba kadhaa za mtaa huo, ndogo, ya kushika kiganjani. Ukiitazama unamwona mwanamke aliyezoea kusikilizwa. Ngozi yake ina rangi yake. Kidole kimetoka nje ya fokasi kidogo, na ukimwambia Vibanio, anasema kidole chake hakikuwa kimetulia, kitulie kwenye picha kwa nini.

Ilisafishwa siku hiyo hiyo, na mkunga aliitazama bila miwani, halafu na miwani. "Huyu anapumua," alisema. Akaomba nakala nyingine saba.

Mwisho wa mwezi mwenye uwanja alipogonga mlango, alikuta ya mwaka inamsubiri. Anasimulia kwamba alishangaa, maana alishamwambia muosha magari aanze kutafuta mabomba. Alimuuliza Vibanio, si nilisikia unanunua kamera? Akajibiwa kwamba ndiyo hii ameinunua, ina kuta tatu.

Mwenyekiti alirudi kwenye kikundi na picha ya mkunga akaomba sharti lilegezwe. Walipiga kura kwa kunyoosha mikono, na mkono ulionyooshwa ulikuwa wake peke yake. Fundi bomba alisema wakimfungulia mmoja, kesho kila mtu ataleta simu. Mwalimu, ambaye bado analipa deni la kamera yake, aliangalia chini.

Vibanio hakulia wala hakujitoa kwenye kikundi. Aliwaambia waweke milango yao na yeye atakuja kuitazama, ila za kwake ni za kushikwa mkononi, na hatazikuza ili zimfurahishe mtu aliyesimama mbali. Alikwenda kweli kwenye maonyesho. Anasema zilikuwepo picha nzuri, hasa ya ndege wa mwenyekiti anayemeza samaki, ambayo kwa kamera yake yeye ingekuwa ni maji tu. Zilikuwepo pia nyingine kubwa sana.

Je, anawashauri wapiga picha wa ridhaa wasibadilishe kamera? Swali hilo analijibu huku anakunja foronya.

"Anayepiga ndege anunue. Anayepiga harusi za usiku anunue, tena haraka. Lakini mtu akija kwangu ananiambia nataka mpya, namuuliza, hii uliyonayo imekukatalia nini? Nitajie kitu kimoja. Wengi wanaishia kunitajia jirani."

Siku hizi kila Jumatatu, siku ya mashuka mengi kuliko zote, uwanja uko wazi kwa yeyote mwenye kamera, kubwa, ndogo au ya simu. Sharti ni moja, kwamba mtu haulizwi anapigia nini. Mke wa fundi bomba huja, mumewe akiwa kazini. Mwalimu ameanza kuja. Mwenyekiti alikuja na lenzi yake ya ndege, ndefu kama mchi, akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka akajikuta amesimama barabarani ndipo uso mmoja ukaenea ndani ya picha. Shangazi alimpelekea ndoo huko huko.

Mpango wa Vibanio ni kuwapiga wateja wake wote wa kufua. Kuna watu amefua kola zao kwa miaka bila kuwaona sura. Nguo huletwa na watoto au walinzi. Anajua nani anatoka jasho upande mmoja, nani anasahau kalamu mfukoni, nani alikonda mwaka jana. Anataka waje wenyewe, wakae juu ya ndoo wamevaa nguo hizo hizo.

Anaongeza kamba ya tano upande wa magharibi, ili apate na jua la saa kumi. Nguzo ameshaichimbia shimo. Shangazi anapita na beseni, analalamika kwamba shimo liko njiani, kisha anaulizia kama yeye naye yumo kwenye orodha ya wateja au anahesabiwa bure.

Na mwakani, mwenye uwanja atakapopandisha bei? Vibanio anachomoa kibanio kwenye kola, analibana shuka la mwisho, analivuta pindo mpaka linanyooka.

"Mwakani atakuja na bei yake, nami nitakuwa hapa hapa naanika," anasema. "Na ile kamera ya dukani, waliyotaka nikimbilie, itakuwa imeshaitwa kuukuu. Aje tu."